Namna ya Kuanzisha Ufadhili wa Masomo kwa Wanafunzi wa Uhandisi Wasio na Uwezo Nchini Uganda

Basi la kutoka Arua kwenda Kampala huvuka Mto Nile pale Karuma, jirani na bwawa la umeme lenye uwezo wa megawati 600. Kila mwezi wa Agosti huwamo vijana wachache wanaokwenda kuanza masomo ya uhandisi, godoro likiwa limefungwa kwa kamba na cheti kikiwa ndani ya bahasha. Walio wengi zaidi hubaki nyumbani. Nimewaona, wakiwa na alama nzuri za Fizikia na Hisabati, wakichoma matofali ili wapate fedha za kujiunga mwakani, na mwaka ukifika fedha zimekwisha kwa ugonjwa wa mtu fulani katika familia. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya wale wanaotaka kubadilisha hali hiyo kwa mpango ulio rasmi, yaani vikundi vya wahitimu wa shule, jumuiya za waumini, makampuni ya ujenzi, na wazawa wa wilaya fulani wanaoishi mijini au ng'ambo.

Yako mambo mawili ambayo mpango wowote wa aina hii hauwezi kuyakwepa. La kwanza ni kwamba kijana asiahidiwe mwaka wa kwanza kabla haijajulikana fedha za mwaka wa nne zitatoka wapi. La pili ni kwamba karo ya chuo ni sehemu tu ya gharama, na mara nyingi si hiyo inayomrudisha mwanafunzi wa uhandisi kwao.

Kulijua pengo kabla ya kuliziba

Kabla ya kuandika katiba wala kufungua akaunti, kaeni mjifunze ni nani tayari anasaidiwa na ni nani ameachwa. Serikali hudhamini wanafunzi wapatao 4,000 kila mwaka katika vyuo vikuu vya umma, wengi wao kwa ushindani wa alama wa taifa zima, na wengine kupitia mgao wa wilaya, michezo na watu wenye ulemavu. Kijana aliyesoma katika shule yenye maabara na walimu kamili ndiye anayeshinda kwa urahisi zaidi katika ushindani huo wa taifa. Aliyepungukiwa kidogo hupata nafasi ya kusoma kwa kujilipia, na hapo ndipo safari ya wengi hukatika.

Upo pia mkopo wa serikali unaotolewa na Bodi ya Ufadhili wa Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014. Mkopo huo hulipa karo, ada za uendeshaji na za utafiti, pamoja na vifaa vya kuwasaidia wenye ulemavu. Haulipi chumba wala chakula. Taarifa hiyo ina thamani kubwa kwa mfuko mchanga, kwa maana mwenye fedha kidogo anaweza kuchagua kuwasaidia vijana waliokwisha kupata mkopo kwa kuwalipia malazi, chakula na vifaa peke yake, na kwa fedha ambazo zingemsomesha mmoja akawasaidia wawili au hata zaidi. Mimi huwashauri wanaoanza waanzie hapo, ingawa najua kwamba wafadhili wengi hupenda kusikia kwamba wao ndio waliolipa kila kitu. Angalieni tu masharti ya mkopo ya mwaka husika, kwa kuwa idadi ya wanaopewa hutegemea bajeti.

Amueni pia ni chuo gani na kozi gani. Makerere, Kyambogo, Busitema na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara vinafundisha uhandisi, na havilingani kwa kozi wala kwa gharama ya maisha katika miji vilipo. Kabla ya kulipa shilingi moja, hakikisheni kwamba kozi yenyewe imeidhinishwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu na kwamba idhini yake haijapitwa na wakati, kisha ulizeni katika Bodi ya Usajili wa Wahandisi kama shahada hiyo inatambuliwa. Ni barua mbili tu, na zinaweza kumwepusha kijana na miaka minne ya kusomea cheti kisichomfikisha popote.

Msizidharau stashahada. Vyuo vya ufundi vya serikali vya Elgon, Lira, Bushenyi, Kichwamba na Kyema hutoa mafundi sanifu ambao nchi inawahitaji sana, masomo yao ni mafupi, na mhitimu aliyefanya vizuri anaweza kuendelea na shahada baadaye. Mfuko wenye uwezo wa kumsomesha mtu mmoja wa shahada unaweza kuwafaa vijana wawili wa stashahada, na katika wilaya ambako pampu za maji hukaa miezi mingi bila kutengenezwa, faida yake huonekana mapema.

Hesabu ya miaka minne

Hapa ndipo mipango mingi huanguka. Katika mfuko mmoja mdogo ambao niliutumikia, mwaka wa kwanza tulipata fedha zaidi ya tulivyotarajia, tukafurahi, tukachukua vijana sita badala ya watatu. Mwaka uliofuata mchangiaji mmoja mkubwa alijitoa. Wawili kati ya wale sita walikaa nyumbani muhula mzima tukiwa tunahangaika kutafuta fedha, na mmoja wao hakurudi tena darasani. Kosa lile lilikuwa letu sisi kamati, na ndilo lililonifundisha kupiga hesabu kama ifuatavyo.

Nitatumia tarakimu za mfano tu, ambazo si bei ya chuo chochote. Tuchukue kwamba karo, ada, malazi, chakula, nauli na vifaa kwa mwanafunzi mmoja vinafikia shilingi milioni 9 kwa mwaka, na kwamba kompyuta ya milioni 2 hununuliwa mara moja anapoanza. Kwa miaka minne hiyo ni milioni 38. Ongezeni akiba ya asilimia 10 kwa ajili ya kupanda kwa bei na kurudia masomo, mtafikia karibu milioni 42 kwa kijana mmoja. Sasa tazameni kinachotokea mkichukua wanafunzi watano wapya kila mwaka. Mwaka wa kwanza mtatumia milioni 55. Mwaka wa nne mtakuwa na wanafunzi ishirini, na mtahitaji milioni 190 kwa mwaka huo mmoja. Mfadhili aliyeona milioni 55 akasema anaziweza hakuwa ameonyeshwa milioni 190, na akishtuka haitakuwa haki kumlaumu.

Kwa hiyo kanuni iandikwe katika katiba ya mfuko kwamba hakuna mwanafunzi anayepewa barua ya ufadhili mpaka nusu ya gharama yake ya miaka yote iwe benki, na nusu iliyobaki iwe na ahadi ya maandishi kutoka kwa mtu au taasisi inayojulikana. Kama michango inatoka nje kwa dola au pauni, pigeni hesabu kwa kiwango cha kubadilishia fedha kilicho chini kuliko cha siku hiyo, ili shilingi ikipanda msijikute mmepungukiwa.

Katika orodha ya gharama, andikeni kila kitu ambacho mwanafunzi wa uhandisi hukihitaji na mwanafunzi wa masomo mengine hakihitaji. Anahitaji vifaa vya kuchorea, kikokotoo cha kisayansi, ovaroli, buti za usalama na kofia ngumu. Anahitaji kompyuta inayoweza kuendesha programu za usanifu, na hiyo haiwezi kuwa ile ya bei ya chini kabisa, kwa kuwa yenye kumbukumbu chini ya gigabaiti 8 itamkwamisha mwaka wa pili. Mwaka wa mwisho ana mradi wake wa utafiti, ambao unaweza kumdai vitambuzi, vyuma, saruji au kulipia vipimo vya maabara.

Gharama inayosahaulika kuliko zote ni mafunzo ya viwandani. Mwisho wa mwaka wa masomo, miezi ya Juni na Julai, mwanafunzi hupelekwa kazini kujifunza kwa vitendo, na mara nyingi halipwi chochote. Mtoto wa mwenye uwezo hupanga chumba karibu na eneo la ujenzi wa barabara au kituo cha umeme, akajifunza kwa wahandisi wazoefu, akatoka na majina ya watu watakaomkumbuka siku ya kuajiri. Mtoto wa maskini huomba nafasi katika karakana iliyo karibu na kwao, kwa sababu ndiko anakoweza kulala na kula bure, hata kama karakana hiyo haina la kumfundisha. Wote wawili huandikiwa kwamba wamemaliza mafunzo, lakini walichokipata hakilingani hata kidogo. Wekeni fedha za chumba, chakula na nauli ya bodaboda kwa wiki zote za mafunzo hayo, na anzeni kuwatafutia nafasi mapema, mwezi wa Februari au Machi. Kama kuna mhandisi katika kamati yenu, hii ndiyo kazi yake ya kwanza.

Sheria na usajili

Njia iliyo rahisi kwa kuanzia ni kuuweka mfuko chini ya taasisi ambayo tayari imesajiliwa, kwa mkataba unaosema kwamba mfuko una akaunti yake na kamati yake. Chuo chenyewe kinaweza kuupokea, au dayosisi, au jumuiya ya Kiislamu, au chama cha wahitimu. Baada ya miaka miwili au mitatu, mkiona kwamba kazi imesimama, ndipo mjisajili wenyewe.

Wanaotaka chombo chao tangu mwanzo huandikisha kampuni yenye dhamana isiyo na hisa katika Ofisi ya Huduma za Usajili, au husajili wadhamini. Mkitaka kufanya kazi kama shirika lisilo la kiserikali, sheria ya mwaka 2016 inadai kibali, na kabla ya kuanza shughuli katika wilaya yoyote inadai idhini ya kamati ya wilaya inayosimamia mashirika hayo, pamoja na makubaliano ya maandishi na serikali ya eneo hilo. Tangu mwaka 2024 usimamizi huo umehamishiwa moja kwa moja katika Wizara ya Mambo ya Ndani. Ombeni pia hadhi ya msamaha wa kodi kwa Mamlaka ya Mapato, kwani mchangiaji anayeipa taasisi yenye hadhi hiyo hupunguziwa mapato yake yanayotozwa kodi, kwa kikomo cha asilimia 5, na kwa kampuni hilo ni jambo la kuzingatia.

Taarifa za waombaji zinalindwa na sheria ya mwaka 2019 ya ulinzi wa data. Mtu anapowaeleza kuhusu umaskini wa nyumba yao, maradhi ya mama au deni la baba, amewapa amana. Fomu iombe idhini yake, iseme taarifa zitatumika kwa nini, na za waliokosa nafasi zifutwe baada ya muda uliotajwa. Picha za vijana msizitumie kuombea michango bila wao kukubali kwa maandishi, na mtu aliyekataa asipoteze chochote kwa kukataa kwake.

Kuchagua kwa haki

Kalenda ndiyo inayoamua mengi. Mtihani wa kidato cha sita hufanyika mwishoni mwa mwaka, Baraza la Mitihani la Taifa (UNEB) hutangaza matokeo kama mwezi wa Februari au Machi, na vyuo hufunguliwa Agosti. Miezi hiyo ndiyo yote mliyo nayo. Tangazeni nafasi kabla ya matokeo kutoka, kupitia shule za serikali za wilayani, redio za eneo, misikiti na makanisa, na mtangaze kwa lugha zinazosikika huko. Tangazo la Kiingereza peke yake katika mtandao huwafikia wale ambao wangefikiwa hata bila ninyi. Fomu iwe ya karatasi na ya bure, na mwalimu mkuu aruhusiwe kuzituma zote pamoja.

Lipo tatizo dogo ambalo huwaondoa vijana kimyakimya. Shule nyingine huzuia karatasi ya matokeo ya mwanafunzi anayedaiwa karo, na bila karatasi hiyo hawezi kuomba chuo. Tengeni fedha kidogo za kulipa madeni ya namna hiyo kwa waliofika hatua ya mwisho, maana kwa kiasi ambacho hakifiki karo ya muhula mmoja mnaweza kumfungulia mtu mlango mzima. Tengeni vilevile ada ya kuomba chuo.

Katika alama, fahamuni jinsi vyuo vyenyewe vinavyohesabu. Daraja la A hupewa pointi 6, B hupewa 5, C hupewa 4, na kuendelea kushuka, kisha pointi za somo la lazima huzidishwa kwa tatu na za somo linalohusiana kwa mbili. Kwa hiyo Fizikia na Hisabati ndizo zinazobeba uzito mkubwa zaidi katika uhandisi, na msichana huongezewa pointi 1.5, utaratibu ulioanza Makerere mwaka 1990. Ninyi hamlazimiki kufuata hesabu hiyo, lakini mfuko unaochagua mtu ambaye chuo hakitampokea umepoteza muda wa wote. Nashauri muweke kiwango cha chini kinachomhakikishia nafasi ya kozi, na juu ya kiwango hicho mtazame alama zake kwa kulinganisha na shule aliyotoka. Aliyepata C ya Fizikia katika shule ambayo ilifanya majaribio ya maabara wiki mbili tu kabla ya mtihani, na akawa wa kwanza kati ya wenzake wote, ameonyesha nguvu ambayo karatasi peke yake haiwezi kuieleza.

Umaskini nao upimwe kwa kwenda kuona. Barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani halmashauri ya kijiji, ni ya lazima, lakini haitoshi, kwa kuwa mwenyekiti ni jirani na si rahisi kwake kumkatalia jirani mwenzake. Paa la bati pia si ushahidi, kwani huenda lilitolewa na mradi. Swali linalosaidia ni lile la karo ya sekondari. Mkifika nyumbani, salimieni kwanza, kaeni, kisha muulize kwa upole, "Mzee, karo ya muhula uliopita ililipwa na nani?" Mtu atakayejibu kwamba aliuza mbuzi, kisha akaenda kumwomba mjomba wa kijana, kisha akaahidi shule magunia ya mihogo, amewaeleza yote mnayohitaji kuyajua. Halafu linganisheni jibu hilo na daftari la mhasibu wa shule. Mwendeaji wa nyumbani asiwe mtu wa ukoo huo, na awe anajua lugha ya nyumba hiyo, iwe ni Kilugbara, Kialur, Kiswahili au nyingine, ili mama mwenye nyumba naye asikilizwe bila mkalimani.

Kamati ya uteuzi iwe na watu watano, akiwemo mhandisi, mwalimu wa Fizikia au Hisabati, na angalau wanawake wawili. Kila mmoja atie sahihi kwamba hana ndugu miongoni mwa waombaji, na mwenye ndugu atoke. Majina yatakuja pia kutoka kwa wakubwa. Mheshimiwa fulani atapiga simu, na mchangiaji naye atakuwa na mpwa wake. Andikeni mapema kwamba mchangiaji hateui mwanafunzi, na mmwonyeshe sharti hilo kabla ya kupokea fedha zake, kwa sababu baada ya kuzipokea hamtakuwa na uso wa kumwambia.

Kulipa kwa wakati

Karo ilipwe moja kwa moja kwa chuo. Katika vyuo vya umma mwanafunzi hutoa namba ya malipo kutoka katika mfumo wa chuo, nanyi mnalipia benki kwa namba hiyo, mnabaki na risiti. Fedha za kujikimu zipelekwe kwa mwanafunzi kila mwezi kwa simu, tarehe ileile, katika laini iliyosajiliwa kwa jina lake mwenyewe. Msimpe za muhula mzima kwa pamoja. Si kwamba hana akili ya kuzitunza. Kijana wa kwanza katika ukoo kupata fedha hupigiwa simu na nyumba nzima, na hawezi kusema hapana wakati mdogo wake amefukuzwa shule.

Chelewesho la wiki tatu linatosha kumharibia muhula, kwa kuwa asiyesajiliwa anaweza kuzuiwa kufanya mtihani. Mweka hazina awe na fedha za muhula tayari mwezi mmoja kabla ya chuo kufunguliwa. Hesabu zikaguliwe kila mwaka na mtu asiye mwanakamati, na muhtasari wake upelekwe kwa wachangiaji na kwa wanafunzi pia.

Kumtunza aliyekwisha ingia

Mkataba wa mwanafunzi uandikwe kwa maneno ambayo mzazi wake anaweza kuyaelewa, na usomwe mbele yake. Ueleze atapewa nini, anatakiwa kufanya nini, na nini kitatokea akifeli, akiugua au akipata mimba. Katika mambo hayo mawili ya mwisho, nafasi yake ishikiliwe kwa mwaka mmoja. Kuhusu kufeli, nawasihi msiwe wepesi wa kukata. Hisabati za mwaka wa kwanza huwaangusha hata wenye uwezo, hasa waliosoma katika shule zisizokuwa na mwalimu wa kudumu wa somo hilo. Katika mfumo wa Makerere, wastani chini ya 2.0 kati ya 5 humweka mwanafunzi katika uangalizi, na hicho kinafaa kuwa kipimo chenu cha kuita kikao naye, kumtafutia mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa kumfundisha na kumlipa huyo mfundishaji kidogo. Kuondolewa kuje baada ya hapo, tena kwa uamuzi wa kamati nzima.

Kila mwanafunzi apewe mhandisi mmoja wa kumlea, mwanamume au mwanamke aliyeko kazini, atakayempigia simu angalau mara moja kwa mwezi na kumpokea ofisini kwake mara moja kwa muhula. Kwa wasichana, tafuteni wahandisi wanawake hata kama itabidi kuwatoa mbali, na gharama ya hosteli yao ihesabiwe kwa kuzingatia usalama wa njia wanayopita usiku wakitoka maktaba.

Anapomaliza, msaidieni kujisajili kama mhandisi mhitimu na kulipia uanachama wa mwanzo katika chama cha wahandisi wa Uganda, kisha mwombeni, bila kumlazimisha, awe mlezi wa mmoja anayeanza. Kuhusu wanafunzi wa mwaka unaofuata, fomu zao zisichapishwe mpaka mweka hazina ameweka sahihi kwamba wale waliomo tayari wamekwisha kutengewa fedha mpaka muhula wao wa mwisho.